Sweta ya Askari wa 1916 Iko Wapi?

Fundi alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la koti langu, akauwasha kwa kiberiti mbele ya macho yangu. Uzi haukuungua. Uliyeyuka. Ulijikunja, ukatoa kijimoshi cheusi, mwisho kikabaki kitone kigumu kama kichwa cha pini. Akaniwekea kwenye kiganja.

"Mwanangu, umeuziwa plastiki."

Koti lenyewe niliagiza mtandaoni, na tangazo lilisema wazi: sufu tupu, nakala halisi ya kijeshi. Lilinikula pesa ya video tatu nilizowafanyia watu matangazo, juu yake ushuru, juu yake bodaboda. Nilikaa kwenye baraza la yule mzee pale Kibokoni nikakosa la kusema. Yeye hushona majoho ya maharusi tangu kabla mamangu hajaolewa, na alinitazama vile unavyomtazama mtoto aliyepotea Marikiti.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi na mabeshte wangu wawili hufanya video za historia ya Pwani. Mwaka huu tulitaka tarehe 11 Novemba, siku Vita vya Kwanza vya Dunia vilipositishwa Ulaya mwaka 1918, tusimame mbele ya sanamu za askari pale Barabara ya Jomo Kenyatta tukiwa tumevaa kama wao. Si kofia za karatasi na shati la kaki la skauti. Nguo zenyewe. Kitambaa kilekile, mshono uleule, tukae ndani yake siku nzima tuone mwili unasema nini. Huko Ulaya na Marekani huu ni mchezo mkubwa, watu wazima wana vikosi vyao vya kuigiza, wanabishana mwezi mzima juu ya kifungo kimoja. Nilikuwa nikiwacheka. Sasa siwacheki.

Zile sanamu unazijua hata kama hujawahi kusimama kuzitazama. Matatu za Mwembe Tayari zinapita hapo kutwa. Wazee husimulia kwamba jina la Mwembe Tayari limetokana na misafara iliyokuwa ikijipanga chini ya mwembe kabla ya kuelekea bara, kwa hiyo ile sehemu ina uzoefu wa kuwaona watu wakibeba mizigo ya wengine. Sanamu ni za miaka ya 1920. Nairobi wana zao, watatu kwenye Kenyatta Avenue, mmoja wao ni mbeba mizigo. Dar es Salaam wana mmoja amenyoosha bunduki, aliwekwa 1927. Zetu ndizo zisizopigwa picha, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna mahali pa kusimama bila kugongwa na tuktuk.

Swali la kwanza watu wanaloniuliza ni hili: sufu ya nini? Vita vya Afrika Mashariki, joto hili, sweta ya nini?

Wabaya zaidi kwa swali hilo ni sisi wa Mombasa. Kwetu baridi ni asubuhi ya Julai upepo wa kusi ukivuma Mama Ngina, mtu anatafuta jaketi kwa nyuzi 22. Lakini vita vile havikupiganwa Mama Ngina. Mapigano ya kwanza makubwa upande wa Kenya mnamo Novemba 1914 yalikuwa kwenye mlima, Longido, ng'ambo ya mpaka, siku zilezile Waingereza walipokuwa wakichapwa Tanga. Machi 1916 yakawa kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, chini ya Kilimanjaro. Baadaye mwaka huohuo Smuts akawasukuma watu wake hadi milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, kwenye mvua na matope. Usiku wa huko ukiwa umelowa na tumbo tupu si wa kukejeli. Miongoni mwa magonjwa yaliyowaua watu wengi katika vita vile, pamoja na kuhara damu na malaria, ni nimonia. Katika kile tulichozoea kukiita vita vya jua kali.

Tena watoto wao wakarudia yaleyale. Novemba 1941 brigedi za Afrika Mashariki zilikuwa Gondar, nyanda za juu za Uhabeshi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na ngome ya mwisho ya Waitaliano ikaanguka tarehe 27 mwezi huo. Tunapenda kuzungumza juu ya babu aliyekwenda Burma. Aliyekwenda Gondar hana hadithi, ilhali ndiye aliyeganda.

Basi askari wa KAR, King's African Rifles, wale wazee waliowaita Keya, jeshi lililoundwa 1902. Alivaa nini? Kaptula ya kaki. Sweta ya sufu ya buluu iliyokolea. Kofia ya kaki isiyo na ukingo, yenye kitambaa cha kufunika kisogo. Na kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti, utepe mrefu wa sufu uliozungushwa kama bendeji. Waingereza wanauita puttee, neno walilookota Uhindini, patti, maana yake bendeji kweli. Chini ya huo utepe, mara nyingi, hakuna kitu. Miguu mitupu, au ndara za ngozi.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu amefungwa sufu ya mita mbili na nusu hivi kwenye kila mguu, halafu nyayo ziko wazi.

Nilipojua ninachotaka, nikaingia mtandaoni kwa kiburi. Ukitafuta mavazi ya sufu ya majeshi ya milimani, utajaziwa skrini. Alpini wa Italia na kofia yao ya unyoya. Wajerumani wa milimani. Wamarekani wa Divisheni ya 10. Kuna makoti, suruali, soksi, glavu, hadi kamba za viatu, na watu wanaojibizana kama rangi ya kijani imeegemea kijivu kupita kiasi. Askari wa Keya? Nilitafuta wiki mbili. Nilipata sanamu ndogo za risasi za kupaka rangi na kofia moja nyekundu ya tarabushi. Anayetaka kuigiza mwanajeshi wa Ulaya aliyepigana kwenye theluji ana maduka ya kuchagua. Anayetaka kuigiza babu wa mtu wa Wundanyi hana hata soksi.

Ndipo nikanunua lile koti la plastiki, nikidhani nitalibadilisha. Hasira za kijinga.

Yule fundi ndiye aliyenifundisha, na ninawapa bure. Kwanza lugha yenyewe. Nilimwendea nikisema "sufi", akacheka hadi akavua miwani. Sufi ni ile pamba ya mti wa msufi, unajaza mito na magodoro. Sufu ni manyoya ya kondoo. Herufi moja tu, lakini ukimwambia muuzaji vibaya atakupa vibaya. Pili, Kiswahili kilishakuwa na maneno ya vitambaa vya sufu kabla hatujazaliwa: bushuti, blanketi, na joho lenyewe. Joho la asili, alisema, lilikuwa kitambaa kizito cha sufu kilichokuja kwa bahari, na ndugu yake ni bishti ya Waarabu, ambayo ile nzuri mpaka leo ni ya manyoya, na mji wa al-Ahsa kule Saudia una sifa yake. Mombasa hii ya jasho ilikuwa ikivaa sufu kwenye sherehe kwa sababu ya heshima, si baridi. Leo joho la harusi ni poliesta. Hata lile la kuhitimu chuo ni poliesta, nasikia. Mimi sikufika kulivaa, msiniulize.

Tatu, moto. Uzi wa sufu ukiuwasha unaungua polepole, unanuka nywele zilizoungua, moto ukiondoka unazima wenyewe, na majivu yake unayasaga kwa vidole yakawa unga. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone. Ukiona kitone, rudisha mzigo. Kitambaa cha mchanganyiko kitakupa vyote viwili, kidogo majivu kidogo kitone, na hapo ndipo matapeli wanapoishi.

Na kwa nini ujisumbue? Kwa sababu sufu hunywa maji karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na hata ikilowa bado inashika joto. Pamba ikilowa mlimani inakuua. Plastiki karibu na moto wa kuni inakushika kwenye ngozi. Wale watu walilala kando ya moto. Kwa hiyo ukimvalisha askari wako poliesta, umebadilisha kila kitu alichohisi: uzito, harufu, mwasho, jinsi nguo inavyoning'inia ikiwa na maji. Umebakisha rangi tu.

"Nenda Kongowea," fundi akasema. "Uende mapema, wakifungua mzigo. Mwambie unataka kamera."

Wasiojua mitumba: kamera ni ile nguo ya juu kabisa, inayotoka kwanza. Nilikwenda Jumanne saa kumi na mbili unusu. Kongowea hiyo saa ni vita vyenyewe, akina mama wamekaa juu ya nguo kama wanaatamia. Nilichoma nyuzi nyingi hadi muuzaji mmoja akaniita mchawi. Na pale kwenye rundo la shilingi 350, kwa sababu ilikuwa na matundu mawili kwapani, kulikuwa na sweta ya buluu iliyokolea, nzito, lebo ya Norway. Matundu ya nondo. Muuzaji aliona aibu. Mimi nilitaka kumkumbatia, maana nondo hawali plastiki. Tundu la nondo ni cheti.

Sweta ya pili tulifanya kosa, na kosa lenyewe ni zuri kulisimulia. Beshte wangu alikuja na sweta ya mlinzi, ile ya buluu yenye michirizi, na viraka vya kitambaa mabegani na kwenye viwiko. Sote tulishangilia. Ni sufu, ni buluu, ni ya askari, si ndiyo? Tukapiga picha tukaweka. Ndani ya saa moja mtu akaandika kwamba ile mitindo ya viraka ni ya baada ya Vita vya Pili, na kwamba askari wa 1916 akituona angedhani sisi ni askari kanzu. Alikuwa sawa. Tulitoa ile picha. Wengine mlituambia tuache tu, nani atajua. Nani atajua ndiyo sentensi iliyowafanya wale watu wasahaulike, kwa hiyo hapana.

Lakini ile sweta ilinifungua macho kwa kitu kingine. Angalia walinzi wa usiku wa mji huu. Saa tisa usiku, Ganjoni, Kizingo, joto linakufanya usilale, na mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki amevaa kabuti. Koti zito la sufu hadi magotini. Lile ni koti la jeshi la Waingereza, mtindo wake haujabadilika sana. Ndilo lilelile unaloliona kwenye picha za Mau Mau wa msitu wa Aberdare na Mlima Kenya miaka ya 1950, wapiganaji wakiwa na kabuti waliloteka au kuiba, wengine na nguo za ngozi walizojishonea, huku askari wa Keya wanaowawinda nao wakiwa ndani ya sufu kwenye baridi ileile. Vita vile pia vilikuwa vya kugombania nani atapata joto. Tunasema hakuna urithi wa kijeshi wa sufu Kenya, kumbe umekaa getini unatufungulia mlango. Shikamoo mzee.

Nilimuuliza mmoja anayelinda jengo la jirani yetu kama naweza kulitazama kabuti lake kwa mwangaza. Alinivulia, nikasoma lebo. Akriliki. Alisema la zamani lilikuwa zito zaidi, na kwamba kampuni ilipobadilisha yeye ndiye aliyeanza kukohoa. Sijui kama mambo hayo mawili yanahusiana. Yeye ana hakika.

Sasa hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1943, kule Nanyuki, kulikuwa na kambi ya wafungwa wa vita, Waitaliano walioshikwa Uhabeshi. Mmoja aliitwa Felice Benuzzi. Kila mawingu yakifunguka aliuona Mlima Kenya juu ya uzio. Yeye na wenzake wawili wakaamua watatoroka, wapande mlima, halafu warudi kambini wenyewe. Hawakuwa na chochote. Vyuma vya kukanyagia barafu walivifua kutoka kwenye mabati na vyuma chakavu, kamba walisokota kwa katani ya vitanda, na picha ya mlima waliyoitumia kujua upande wa kuufuata ilikuwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Nguo za kupandia? Walizishona kwa mablanketi ya kambi. Walitoka mwishoni mwa Januari, na mwezi Februari wawili kati yao wakasimika bendera kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985. Kisha wakarudi gerezani kwao, wakahukumiwa siku 28 za kizuizini, wakatumikia 7. Benuzzi aliandika kitabu, kikawa maarufu.

Nilipoisoma ile habari ya mablanketi niliruka kitandani. Jibu lilikuwa hapo. Acha kutafuta nakala ya koti. Tafuta kitambaa. Nguo ya sufu ya mlimani iliyoshonwa kwa uaminifu zaidi katika historia ya Kenya haikutoka dukani, ilitoka kwenye blanketi na sindano.

Na blanketi la sufu halisi lipo. Nanyuki hiyohiyo kuna akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, walianza 1977, wanasokota manyoya ya kondoo kwa mikono na kufuma. Kuna kondoo, kuna gurudumu, kuna mama. Niliagiza kipande kimoja cha kahawia kisichopakwa rangi. Si bei ya mchezo, sitawadanganya, lakini ni chini ya nusu ya kile nilichopoteza kwa plastiki. Kilikuja kwa basi, kimefungwa kwenye gunia, na kilipofunguliwa sebuleni mamangu aliuliza ni mnyama gani ameingia.

Kwenye kile kipande ndipo tulipokata zile tepe za miguu. Fundi alizipiga pindo. Kufunga ni kazi, wallahi. Unaanzia kwenye kifundo unapanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule wa chini, na ukikosea mahali pamoja inafunguka yote barabarani. Ukiifunga kavu ikalowa baadaye, inakaza hadi mguu unafa ganzi. Tulijaribu kutembea kutoka Fort Jesus hadi kwenye sanamu, Ndia Kuu, Marikiti, Mwembe Tayari, saa tatu asubuhi, sweta na tepe, miguu mitupu. Lami ya Machi. Nilivumilia hadi Marikiti nikavaa ndara. Na hapo sikuwa na bunduki, wala njaa, wala Mjerumani mbele yangu.

Pale Fort Jesus, nje, kuna mnara mdogo ambao watu huegemeza baiskeli. Ni wa Arthur Wavell na watu wake wa Arab Rifles, kikosi kilichoundwa hapahapa Mombasa 1914, wengi wao Wahadhrami. Walizuia Wajerumani Gazi mwaka huo, na Januari 1916 wakavamiwa Mwele, milima ya Shimba, Wavell akauawa na wengi wake. Jina la mzungu limeandikwa. Hilo linanileta kwenye kile ambacho sikutarajia kukiandika nilipoanza kutafuta sweta.

Tulikuwa watu watatu. Mimi askari, mwenzangu askari, na wa tatu, ambaye kwao ni Taita, alisema yeye atakuwa mbeba mizigo. Kariakoo. Hilo neno lenyewe ni Carrier Corps ikipita kwenye mdomo wetu, ndiyo Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Tukakaa kuorodhesha sare yake, kama tulivyofanya kwa Keya. Sweta: hakuna. Tepe za miguu: hakuna. Kofia: hakuna. Viatu: usicheke. Blanketi. Basi. Blanketi moja, ambalo mchana lilikuwa koti na usiku lilikuwa kitanda, na juu yake mzigo wa kilo 25 hivi wa risasi au unga wa mtu mwingine.

Sare niliyoihangaikia miezi mitatu ilikuwa ya wachache. Ya wengi ilikuwa blanketi na tulikuwa nalo tayari, limebaki kwenye vile vipande tulivyokata.

Na wengi maana yake ni wengi kweli. Machi 1917 John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya vibarua wa vita, na watu wakakombwa wilaya baada ya wilaya. Wengi wa wale wa bara waliletwa kwa reli hadi hapa Kilindini wapakiwe meli kwenda Dar es Salaam na Kilwa. Walipita kwenye mji wetu wakiwa na blanketi begani. Hesabu zinazotumika sana zinasema wabeba mizigo zaidi ya 45,000 kutoka Kenya hawakurudi. Wagiriama walikuwa wameshaona mapema mambo yanakoelekea: vita vyao na Waingereza vya Agosti 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwakataza vijana kwenda kufanyia mzungu kazi, viliishia kwa faini ya rupia 100,000 na amri ya kutoa vibarua 1,000. Mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe: angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwenye sanamu zetu kuna maneno ya sifa kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo, wabeba mizigo wakiitwa miguu na mikono ya jeshi. Majina hakuna. Mishahara ya waliokufa na jamaa zao wasipatikane ilibaki serikalini.

Kwenye komenti wengine mliniuliza kwa nini tunavaa nguo za mkoloni. Swali zuri, na sina jibu la kumaliza. Askari wa Keya aliwapiga Wagiriama pia, na sweta ninayoisifu hapa ilikuwepo. Ninachosema ni kwamba ukikataa kuivaa, unabaki na sanamu ya shaba, na shaba haiwashi, hainuki, haichubui. Mimi nilivaa saa mbili nikajua mtu yule alikuwa na mwili. Sikulijua hilo kwa kupita na matatu miaka kumi. Lakini pia naona waigizaji wengi duniani wanapenda sare kwa sababu sare inapendeza, na ukianzia kwenye kinachopendeza utaishia kwa askari kila siku, hutamfikia mwenye blanketi.

Nyanya ya beshte wangu, tulipompigia simu kumweleza, alisikiliza hadi mwisho. Kwao kulikuwa na mtu aliyechukuliwa. Hakuongea mengi. Alisema, "Msimvike viatu." Akauliza kama tumeshakula.

Kwa hiyo mpango umebadilika. Novemba 11, saa kumi na mbili asubuhi kabla tuktuk hazijajaa, watatu wetu tutakuwa na blanketi. Sweta ya Norway nitaivaa siku nyingine, kwa video ya Longido, nikipata nauli ya kwenda huko. Bado tunahitaji blanketi mbili zaidi za sufu ya kweli, si akriliki ya duka kuu, si shuka la mistari la watalii. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la zamani na ndani yake kuna blanketi zito la kahawia au kijivu linalowasha, msilitupe, niandikieni. Na kama kuna picha ya askari wa Keya akiwa na ile kofia ya kufunika kisogo, nahitaji kuona mshono wa nyuma, fundi amenikatalia kuibuni.

Njooni na kiberiti.